Homa ya mgonjwa wa saratani haingoji kivuko

Mhariri,

Wagonjwa wa saratani wanaotoka Ukerewe kuja Mwanza kwa dawa za dripu huulizwa hali siku ya kliniki tu. Wiki tatu za katikati, kila mtu na lwake.

Utafiti wa New York uliotangazwa 2017, kwa wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa, uligawa makundi mawili. Kundi moja liliripoti dalili kwa kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi anaarifiwa. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao wasioripoti hivyo, 26. Na hapo hakuna dawa mpya iliyoongezwa!

Huku kitochi kinatosha. Muuguzi apige kila wiki, aulize kutapika, kuharisha, maumivu, vidonda vya mdomoni na homa. Hasa homa. Kati ya siku ya 7 na 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka sana, na nyuzijoto 38 huweza kuwa maambukizi yanayoua kwa saa chache. Wengi humeza panadoli kwanza: joto linashuka, maambukizi yanaendelea, na wakija kushtuka kivuko cha Nansio kimeshang'oa nanga. Kipimajoto kwanza, kisha simu, ndipo panadoli.

Wauguzi wa saratani,
Mwanza