"Amechomwa lini?" "Jana." Kwa nini jibu hilo halitoshi kwenye kipimo cha fakta 8

Mzazi akifika kaunta ya maabara yetu hapa Tudor, Mombasa, na fomu ya daktari iliyoandikwa "kiwango cha fakta 8", tunamuuliza saa ya sindano ya mwisho kabla hata hatujamuuliza jina la mtoto. Wengi hujibu "jana". Baadhi huudhika, na si ajabu. Mtu ametoka Ukunda na mtoto mwenye goti lililovimba, amesimama kwenye feri, amebadilisha matatu, kisha anafika hapa anaanza kuhojiwa. Tumeona heri tueleze mara moja, kwa kirefu, tunachotafuta.

Hemofilia A wengi wenu mnaijua kuliko sisi, kwa hivyo nitapita upesi. Damu ina protini kadhaa zinazopokezana kazi mpaka donge lishike, na fakta 8, inayopungua kwa mwenye hemofilia A, ni mojawapo. Asiye na maradhi haya huwa na kiwango cha kati ya asilimia 50 na 150. Aliye chini ya asilimia 1 hemofilia yake ni kali. Huyo hutokwa na damu ndani ya magoti, viwiko na vifundo vya miguu hata bila kuanguka. Kati ya 1 na 5 ni ya wastani. Kuanzia 5 hadi 40 ni nyepesi, na hiyo mara nyingine haijulikani mpaka siku ya tohara au ya kung'olewa jino. Hemofilia B ni upungufu wa fakta 9, na hesabu zake ni nyingine, kwa hivyo msizichanganye na hizi zinazofuata.

Kila yuniti moja ya fakta 8 kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Tuchukue mtoto wa kilo 20 mwenye hemofilia kali, amechomwa chupa moja ya yuniti 500. Hiyo ni yuniti 25 kwa kilo. Tukimtoa damu baada ya nusu saa tunatarajia kukuta karibu 50. Kisha protini inaanza kuisha mwilini. Kwa mtu mzima nusu yake huondoka katika muda wa saa 12 hivi. Kwa watoto wadogo huwahi zaidi. Hata tukishika hizo saa 12, mtoto wetu atakuwa na 25 baada ya nusu siku, 12 na kitu baada ya siku nzima, 6 baada ya saa 36, na 3 siku ya pili ikitimia. Siku ya tatu ikiisha yuko chini ya 1, amerudi alikokuwa.

Sasa karatasi ya majibu ikiwa na "6" tupu, daktari aisomeje? Kama sindano ilichomwa nusu saa iliyopita, hiyo 6 ni habari mbaya: labda dawa imeharibika, labda haikuingia yote, au mwili wa mtoto umeanza kuipiga vita. Kama ilichomwa saa 36 zilizopita, 6 hiyo hiyo ndiyo tuliyoitarajia, na hakuna wa kushtuka.

Ndiyo sababu daktari wakati mwingine huagiza damu itolewe mara mbili. Ya kwanza ni robo saa hadi nusu saa baada ya sindano, nayo huonyesha dawa imepanda hadi wapi. Hiyo hutakiwa sana kabla ya upasuaji, kwa sababu kwa upasuaji mkubwa kiwango hutakiwa kifike 80 hadi 100. Ya pili hutolewa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata, kuona kiwango kimeshuka hadi wapi. Kwa miaka mingi, kwa mgonjwa anayechomwa kila mara ili kujikinga, madaktari waliridhika akibaki juu ya 1. Mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani wa mwaka 2020 unasema ni afadhali abaki kwenye 3 hadi 5, maana kuna watu wanaotokwa na damu wakiwa juu ya 1. Damu hii ya pili ndiyo watu wanayotuharibia zaidi, kwa huruma tu: mama anaona mtoto anakwenda maabara, anamchoma kwanza nyumbani ili asiumie njiani. Kama mtoto anatokwa na damu, mchome, usingoje mtu wala maabara. Lakini kama ni kipimo cha kawaida, njoo na sindano yako mkobani, tutoe damu kwanza.

Saa yenyewe iandikwe kamili. Sisi tukisema saa mbili asubuhi tunaelewana, lakini fomu ikitoka hapa huingizwa kwenye kompyuta inayotaka 08:00. Fomu iliyoandikwa "2" peke yake inaweza kusomwa 02:00, na hapo saa sita zimeongezeka kwenye hesabu bila mtu kujua. Andika asubuhi, mchana au usiku. Kugeuza tutageuza wenyewe. Tuambie pia ni mkono gani uliochomwa, kwa sababu damu tunaitoa mkono wa pili. Ikitoka kwenye mshipa ule ule uliopitisha dawa punde tu, majibu yatapanda kwa uongo.

Swali linalofuata ni jina la dawa, na hapa sina budi kuwapeleka kiwandani kidogo.

Zamani fakta ilitoka kwenye damu ya watu tu. Mwaka 1964 Judith Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha kwamba plazma (yale maji ya njano ya damu) iliyogandishwa, ikiyeyushwa polepole kwenye baridi, huacha mashapo yenye fakta 8 kwa wingi. Hayo ndiyo krayo, na pasipokuwa na fakta ya chupa bado hutumika. Baadaye ikaja fakta ya unga, iliyotolewa kwenye plazma ya maelfu ya wachangiaji ikiwa imechanganywa pamoja, na kwa njia hiyo virusi vya ukimwi na vya homa ya ini vikawafikia wagonjwa wengi katika nchi nyingi kabla dunia haijazinduka katikati ya miaka ya 1980. Wazazi wanaotuuliza kama dawa "ya damu ya watu" ni salama wana haki ya kuuliza. Siku hizi wachangiaji hupimwa, na plazma hupitishwa kwenye joto au kemikali zinazoua virusi hivyo.

Mwaka 1984 wanasayansi walifanikiwa kunakili jeni ya fakta 8, na mwaka 1992 dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa jeni hiyo ikaidhinishwa Marekani. Jeni ya binadamu hutiwa ndani ya seli za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Seli hizo huzaliana ndani ya matangi ya chuma zikilishwa sukari na virutubisho, joto likiwa kama la mwili, nazo hutema fakta 8 kwenye maji yanayozizunguka. Maji huchujwa hatua kwa hatua, protini husafishwa, kisha hugandishwa na kukaushwa mpaka uwe ule unga mweupe mnaouona chini ya chupa. Seli zenyewe hazibaki kwenye dawa, ingawa aliye na mzio wa protini za hamsta hutakiwa kumwambia daktari. Kuhusu halali na haramu, swali tunaloulizwa sana hapa Mombasa, waulizeni masheikh. Sisi ni watu wa maabara.

Viwanda havikuishia hapo. Fakta 8 ni protini kubwa, ina amino asidi 2,332, na katikati yake kuna kipande ambacho damu haikihitaji ili igande. Baadhi ya watengenezaji wamekikata. Wengine wameiongezea protini hiyo kiungo cha kuifanya ikae mwilini muda mrefu, na hesabu yangu ya saa 12 haifanyi kazi kwa dawa hizo. Kisha kuna njia mbili za kupima. Moja huhesabu sekunde ambazo plazma inachukua kuganda, nyingine hupima rangi inayojitokeza kwenye mashine. Kwa fakta ya kawaida njia hizi hukaribiana, lakini kwa zile zilizokatwa au kuongezewa zinaweza kupishana vya kutosha kumfanya daktari abadilishe dozi pasipo haja. Tukiijua chapa, tunajua pa kuipeleka damu.

Chapa ya kutuambia hata kama hatujauliza ni Hemlibra. Hiyo si fakta 8. Ni kingamwili iliyotengenezwa ifanye kazi ya fakta 8, na huchomwa chini ya ngozi. Kwenye kipimo cha sekunde huifanya plazma igande haraka mno, kiasi kwamba mtu mwenye hemofilia kali huonekana hana ugonjwa kabisa. Huendelea kuvuruga kipimo hicho hadi miezi sita baada ya dozi ya mwisho, kwa hivyo "aliacha zamani" nalo si jibu.

Tuje kwenye damu yenyewe, ambayo Mombasa ina shida zake. Tunaitoa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, yenye sitreti ya sodiamu inayoizuia kuganda: sehemu moja ya sitreti kwa tisa za damu. Lazima ifike kwenye mstari. Ikiwa nusu, sitreti imezidi damu, na majibu yatasema mtoto yuko chini kuliko alivyo. Mshipa ukisumbua na damu ikaja kwa matone, donge huanza ndani ya chupa na fakta hutumika humo humo. Hapo utatuona tunaitupa na kuanza upya, mtoto analia. Tafadhali tuvumilieni, majibu ya damu hiyo yangekuwa ya uongo.

Kutoka hapo tuna saa nne za kuipima, au kuizungusha kwenye mashine na kuigandisha plazma yake kwa baridi. Zahanati zinazotuletea sampuli huzizika kwenye barafu kwa nia njema kabisa, kwa kuwa karibu kila kitu hospitalini huhifadhiwa baridi. Damu nzima ya kipimo hiki haitaki barafu. Baridi hupunguza fakta 8 kabla hatujaigusa. Haitaki pia kiti cha nyuma cha tuktuk mwezi wa Februari. Inataka joto la chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 18 hadi 24. Saa nne ni nyingi ukizisikia, lakini chupa iliyotolewa Msambweni saa tisa alasiri, ikute foleni ya Likoni jioni, hufika kwetu ikiwa imebakiza dakika chache. Kwa walio kusini tunapendelea mtoto aje mwenyewe. Asiyeweza kusafiri, tupigie siku moja kabla, mtu wetu aje na sanduku.

Ikishafika, huzungushwa mara mbili kwenye mashine mpaka ibaki plazma ya njano tupu. Kipimo cha sekunde tunafanya hapa. Cha rangi na cha inhibita tunagawa plazma kwenye vijichupa, tunaigandisha nyuzi 70 chini ya sifuri, na inapanda ndege kwenda Nairobi kwenye barafu kavu. Ikiyeyuka njiani ikaganda tena, hatuwatozi, tunawaita upya.

Inhibita ndiyo hiyo vita niliyoitaja. Mwili wa mtoto mwenye hemofilia kali haujawahi kuijua fakta 8, na kwa takriban asilimia 25 hadi 30 yao hutengeneza kingamwili za kuimaliza, mara nyingi katika sindano za mwanzo mwanzo. Dalili mnaiona nyumbani kabla yetu: sindano ambayo zamani ilituliza goti, sasa haifanyi kitu. Kupima, plazma ya mtoto huchanganywa na plazma nzima isiyo na ugonjwa, hukaa saa mbili kwenye nyuzi 37, kisha huangaliwa fakta 8 imebaki kiasi gani. Ikibaki nusu, hiyo ndiyo yuniti moja ya Bethesda. Kabla ya kumshuku mtoto, lakini, ishuku friji. Fakta hukaa nyuzi 2 hadi 8. Chapa kadhaa huruhusu miezi michache nje, ila mara nyingi si zaidi ya nyuzi 30, na wakati wa kaskazi jikoni mwetu hupita hapo. Stima zikipotea usiku kucha, andika tarehe. Chupa iliyokaa nje chapa nyingi hazitaki irudishwe kwenye friji. Na ukichanganya unga na maji, izungushe taratibu mkononi, usiitikise.

Sisi hatuuzi fakta wala hatupangi dozi. Sehemu ya fakta inayotumika Kenya huja kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani kupitia hospitali, na dozi ni ya daktari wenu. Majibu tunampelekea yeye na nakala mnapewa ninyi.

Njoo na chupa tupu ya dawa, au picha ya lebo kwenye simu ikionyesha jina, yuniti na namba ya toleo. Uzito tutampima hapa, msitaje wa kadi ya kliniki ya mwaka jana. Kipimo cha sekunde tunapokea kila siku isipokuwa Jumapili. Cha rangi na cha inhibita, Jumatatu hadi Alhamisi kabla ya saa tano asubuhi, ili plazma iwahi ndege ya mchana. Ijumaa tunafunga saa sita kwa sala na kufungua saa nane.