Mdogo wangu, hao jamaa sita lazima uwajue

Mdogo wangu,

Wewe unashinda kwenye kompyuta unaandika programu kwa Python toka asubuhi mpaka usiku wa manane, alafu juzi tunaongea unaniambia hilo jina ni la yule nyoka tu. Hapana bana. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitengeneza hiyo lugha, wakati anaanza kuiandika alikuwa anasoma maandishi ya kipindi cha vichekesho cha BBC kinaitwa Monty Python's Flying Circus, ndo jina likatoka hapo. Nimeona nikuandikie hapa wazi na wengine wasome, maana hawa jamaa nawapenda sana na sijawahi kukaa nikakueleza kwa nini.

Hao waliokitengeneza hicho kipindi wako sita. John Cleese, Graham Chapman na Eric Idle walisoma Cambridge, Michael Palin na Terry Jones wakasoma Oxford, alafu kuna Terry Gilliam, huyo mzaliwa wa Marekani, mchoraji. Cleese alisomea sheria, Chapman alikuwa daktari kabisa mwenye vyeti vyake, wakaacha yote hayo wakaenda kuchekesha watu. Kipindi kilianza tarehe 5 Oktoba 1969 kikaisha 1974, vipindi 45 tu basi, na mpaka leo watu wanavikariri.

Ninachowapendea zaidi ni namna walivyokuwa wanaandika. Cleese na Chapman wanaandika pamoja, Jones na Palin pamoja, Idle peke yake, Gilliam anajifungia na mikasi anakata picha za zamani anazifanya zitembee, alafu wanakutana kila mtu anasoma alichoandika kwa sauti mbele ya wenzake, wakicheka kinaingia, wasipocheka kinarekebishwa au kinatupwa. Kipimo kilikuwa mbavu zao wenyewe. Sio watazamaji watapenda nini, sio bosi wa BBC atasemaje. Mimi naamini siri yote iko hapo, na ndo maana kitu cha mwaka 1969 bado kinanimaliza mimi ambaye London nimeiona kwenye TV tu.

Chukua lile igizo la kasuku. Mteja, ambaye ni Cleese, anarudi dukani na kasuku aliyemnunua muda si mrefu. Kasuku kafa, kakauka, na alikuwa anaonekana kasimama kwenye kijiti kwa sababu kapigiliwa misumari. Muuzaji, ambaye ni Palin, hakubali ng'o, anasema amepumzika tu, anasema anakumbuka kwao Norway. Mteja anapandwa na hasira anataja kila namna ya kusema kiumbe kimefariki, zinamiminika moja baada ya nyingine, na muuzaji macho makavu. Nani hajawahi kusimama mbele ya kaunta akaambiwa kitu anachokiona kwa macho yake sicho? Wazo lilianza na Palin akiwasimulia wenzake habari za fundi gari wake ambaye kila ukimpelekea tatizo anasema hakuna tatizo, Cleese na Chapman wakaligeuza mpaka likawa kasuku.

Alafu angalia wanavyomaliza. Vichekesho vingi lazima vimalizike kwa kichekesho kikubwa, watu wapige makofi. Hawa hawakujali. Igizo likishachosha linakatwa katikati, anaingia Chapman na magwanda ya kanali anasema basi, huu sasa ni ujinga umezidi, au linashuka guu kubwa linakanyaga kila kitu, na hilo guu Gilliam alilitoa kwenye mchoro wa Bronzino, mchoraji wa zamani wa Italia, uliopo jumba la sanaa la National Gallery pale London. Kuna na ile ofisi ya serikali yenye kazi ya kusimamia utembeaji wa kijinga, Cleese na suti na kofia, miguu inarushwa juu mpaka usoni, uso hauna hata tabasamu. Yule ni mtumishi wa umma yuko kazini. Hapo ndo mbavu sina.

Hela hawakuwa nazo nyingi. Filamu yao ya 1975 ya mfalme Arthur ilichangiwa na wanamuziki, Pink Floyd na Led Zeppelin walitoa, na bado farasi wakawashinda bei. Basi mfalme anatembea kwa miguu akirukaruka, nyuma yake mtumishi anagonganisha vifuu viwili vya nazi kutoa sauti ya kwato. Umaskini wa bajeti ukazaa kichekesho kizuri kuliko farasi yeyote.

Ile filamu ya 1979, Life of Brian, ambayo watu walilalamika inamkejeli Yesu, najua mama ataniuliza. Mimi ni mtu wa kanisani na nasema kwa moyo wangu wote haimkejeli Yesu. Anaonekana mwanzoni akihubiri mlimani, kwa heshima kabisa, kamera inarudi nyuma mpaka kwa wale wa mbali wasiosikia vizuri, wanaanza kubishana na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Wanaochekwa ni sisi, umati. Kampuni iliyotakiwa kutoa pesa ilijitoa dakika za mwisho, ndo George Harrison wa Beatles akaweka nyumba yake rehani filamu itoke, sababu yake alitaka kuiona! Norway waliipiga marufuku kwa muda, Wasweden wakaitangaza kwamba inachekesha mpaka Norway imefungiwa.

Chapman alifariki tarehe 4 Oktoba 1989, siku moja kabla kipindi hakijatimiza miaka 20, na kwenye ibada ya kumkumbuka Cleese alisimama akamuaga kwa maneno ya yule kasuku. Watu walicheka huku wanalia. Jones alifariki Januari 2020, ugonjwa wa ubongo ulishamnyang'anya maneno, yeye aliyeishi kwa maneno. Palin alikuwa anaenda kumtembelea, na alisimulia kwamba siku moja alimsomea kitabu walichoandika wawili hao zamani, Jones akacheka, ila alicheka kwenye sehemu alizoandika yeye tu. Kila nikilikumbuka hilo natamani ungewajua mapema.

Na huyo Palin kapita kwetu ujue. Mwaka 1991 alikuwa anasafiri toka Ncha ya Kaskazini kwenda Kusini kwa ajili ya BBC, akapanda meli ya MV Liemba pale Kigoma akashuka nayo Ziwa Tanganyika mpaka Mpulungu, Zambia.

Sasa fanya hivi, anza na kasuku, alafu hiyo ofisi ya kutembea, alafu filamu ya vifuu. Hiyo ya 1979 usiiangalie peke yako, ningoje nije Desemba tuiangalie na mama sebuleni.

Kaka yako.