Kwa Nini Corfe Tunapanda Ngomeni Kwanza, Ndipo Tunakula

Tukitangaza safari ya Jumapili ya kwenda Corfe Castle, kijiji chenye gofu la ngome kule Dorset kusini mwa Uingereza, simu nyingi huja na swali moja: mbona tunaondoka mapema hivyo? Wiki nzima mtu ameamka na giza kwenda kazini, leo Jumapili nayo aambiwe basi linang'oa nanga saa moja asubuhi? Ni swali la haki, na jibu lake liko jikoni kwa pabu, yaani baa ya Kiingereza inayopika na chakula.

Pabu ya kijijini haifanyi kazi kama migahawa yetu ya London mashariki, ambako ukiingia saa kumi jioni bado unapakuliwa biriani. Jiko la mchana lina saa zake. Pabu nyingi huanza kutoa chakula saa sita mchana, na ikigonga saa nane na nusu au saa tisa jiko linafungwa mpaka jioni. Baa hubaki wazi, lakini utapata kinywaji na pakiti ya krispi, basi. Jumapili aliyechelewa huumia zaidi, kwa sababu chakula cha siku ni rosti: pande zima la nyama ya ng'ombe au kondoo, au kuku, lililookwa tangu asubuhi kwa kiasi walichokadiria. Likiisha limeisha. Tumeona familia zilizokuja na magari yao zikizunguka kijiji kizima saa tisa na nusu, watoto wanalia njaa, kila mlango wanaambiwa pole.

Basi lililojaa watu haliwezi kufika tu na kuomba meza. Sisi huweka nafasi wiki kadhaa kabla, na mara nyingi pabu hutaka kujua mapema nani atakula nini. Tukisema saa saba na nusu, ni saa saba na nusu. Sasa hesabu kurudi nyuma. Ngome inataka saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu asiyekimbizwa. Kutoka London mashariki hadi Corfe ni mwendo wa saa tatu au zaidi ukichanganya na kusimama kwa ajili ya choo na chai. Ngome hufunguliwa saa nne asubuhi, na ni vizuri kuwa pale mapema, kabla maegesho hayajajaa. Ndiyo maana saa moja.

Wapo wanaopendekeza tule kwanza, tupande baadaye. Tunawaelewa, ila mlima ule haupandwi na tumbo la rosti. Ngome imekaa juu ya kilima chenye ubavu mkali, katika mwanya wa safu ya vilima vya Purbeck, na njia ya kupanda ina mawe yaliyochongoka na majani yanayoteleza mvua ikinyesha. Halafu kuna sababu nyingine ambayo kwetu ni nzito kuliko tumbo: ukishuka na habari ya mahali pale kichwani, mazungumzo ya mezani yanakuwa mengine kabisa.

Habari yenyewe ni hii. William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066 ndiye aliyeanzisha ngome hapa, mojawapo ya ngome za mwanzo nchini humo kujengwa kwa mawe. Mwanawe Henry I akasimamisha mnara mkuu mwanzoni mwa karne ya 12, wa mita 21 kwenda juu, kwa mawe ya chokaa ya Purbeck. Mfalme John akaongeza kuta na jumba lake la kifahari. Kwa karne kadhaa ilikuwa mali ya wafalme: makazi, hazina na gereza. Malkia Elizabeth I aliiuza mwaka 1572, na mwaka 1635 ikanunuliwa na mwanasheria Sir John Bankes. Mkewe, Lady Mary Bankes, ndiye ambaye wageni wetu huondoka wakimtaja kwa jina.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme Charles I na Bunge vilipoanza mwaka 1642, Sir John alikuwa upande wa Mfalme na hakuwepo nyumbani. Mwaka 1643 kikosi cha Bunge cha watu kati ya 500 na 600, chini ya Sir Walter Erle, kikaizingira ngome. Wageni wetu waliokulia Mombasa hawahitaji kuelezwa kuzingirwa ni nini. Fort Jesus ilikaa katika hali hiyo tangu 1696 hadi 1698. Corfe ilichukua wiki sita. Waliozingira walilifanya kanisa la kijiji ngome yao, wakang'oa madini ya risasi yaliyoezeka paa lake kutengenezea risasi za bunduki. Gazeti la upande wa Mfalme lilisimulia kwamba siku ya shambulio kubwa, ua wa juu ulilindwa na Lady Mary, binti zake, wanawake wa nyumbani na askari watano, wakiwamwagia waliopanda ngazi mawe na makaa ya moto. Erle akaondoka mikono mitupu. Kanisa bado lipo, kando tu ya uwanja wa kijiji. Ukisimama ukutani juu ukalitazama lilivyo karibu, unaelewa kwa nini walilitaka.

Sir John akafariki mwishoni mwa 1644. Mjane akaendelea kuishikilia ngome. Mzingiro wa pili ulipokuja, kuta hazikushindwa. Februari 1646 afisa mmoja wa ndani, Kanali Pitman, alijitolea kwenda kuleta askari wa msaada, akarudi na askari wa Bunge waliojifanya ni wenzao. Walipokwisha kuingia, ngome ikashambuliwa nje na ndani kwa wakati mmoja. Inasimuliwa kwamba Lady Mary aliruhusiwa kuondoka na funguo zake kwa kuheshimiwa ushujaa wake. Funguo hizo zinaonyeshwa hadi leo Kingston Lacy, nyumba ambayo mwanawe Ralph aliijenga baada ya vita.

Bunge halikutaka ngome hiyo itumike tena dhidi yake, likaamuru ibomolewe. Hapa ndipo tunapowasimamisha watu wetu kwa muda mrefu kuliko popote, kwenye lango la kusini-magharibi. Mafundi walichimba chini ya misingi, wakajaza baruti, wakalipua. Nusu moja ya lango iliteleza ikashuka kilimani kipande kizima, ikasimama chini ya mwenzake, wima mpaka sasa. Tao limekatika katikati. Tazama ndani ya kuta za pembeni utaona mfereji mwembamba uliochongwa kwenye jiwe. Humo ndimo lilimopita geti zito la kuteremshwa kutoka juu. Mfereji wa upande mmoja haukutani tena na wa upande wa pili, maana ukuta wake umeshuka. Mtoto wa miaka saba anaelewa papo hapo, bila mtu kumweleza baruti hufanya nini. Kipande kilichosalia cha mnara mkuu nacho kimesimama peke yake juu kabisa, madirisha wazi mbinguni. Mawe mengine yalibebwa na wanakijiji wakajengea nyumba zao, ndiyo maana kijiji na gofu vina rangi moja ya kijivu. Familia ya Bankes ilibaki na mahali hapa hadi Ralph Bankes wa wakati wetu alipoiachia National Trust, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kale, kwa wasia mwaka 1981. Mwenye kadi ya uanachama wa National Trust aje nayo, ataingia bila kulipa.

Tukishuka, pabu hazipo mbali. The Greyhound iko karibu kabisa na mguu wa ngome na ina bustani nyuma. The Bankes Arms inabeba jina la familia ile ile. The Fox iko West Street. Tunachagua kulingana na idadi ya watu na meza zilizopo. Rosti huja na viazi vya kuokwa, mboga za kuchemsha, mchuzi mzito wa nyama na Yorkshire pudding, ambayo ni kama andazi lisilo na sukari, la unga, mayai na maziwa, lililofura ndani ya oveni likabaki na shimo la kuwekea mchuzi.

Kwa Waislamu tunasema wazi: usitegemee nyama ya halali katika pabu ya kijijini. Samaki na chipsi inaonekana ndiyo salama, lakini rojo la unga wanalochovyea samaki mara nyingi huchanganywa bia, na mafuta ya kukaangia huenda yamepitia vitu vingine. Sisi huuliza jikoni kabla ya safari na kuwaletea jibu, tukawaombea samaki wa kuoka au chakula cha mboga inapowezekana. Asiyetaka kabisa kula mahali panapouzwa pombe abebe chakula chake. Kuna nafasi nzuri ya kukaa na kapu ngomeni, na hatumlazimishi mtu. Watoto wanaruhusiwa pabu wakiwa na mtu mzima. Katika pabu nyingi mhudumu haji mezani kuchukua oda: unakariri namba ya meza yako, unakwenda kaunta, unaagiza na kulipa hapo hapo.

Baada ya chakula tuna muda mpaka saa kumi na nusu. Kuna kijiji cha mfano kilichojengwa kwa mawe ya Purbeck, kila kitu kikiwa sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake, na humo ngome inaonekana ilivyokuwa kabla ya 1646. Wazee hupapenda sana. Wengine huchukua treni ya mvuke kwenda Swanage, ufukweni. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1972 ikafufuliwa kwa nguvu za watu wa kujitolea, na ukienda upande wa pili wa reli, njiani kuelekea stesheni ya Norden, unaiona ngome kutoka upande mwingine.

Unapoweka nafasi, tuambie mambo matatu: utakula nini, nani katika familia ana shida ya magoti au anatumia kiti cha magurudumu, na kama kuna mtoto wa kusukumwa kwa kigari. Sehemu ya juu ya ngome haifai magurudumu. Bibi au babu asiyeweza kupanda hatumwachi kwenye basi. Mmoja wetu hubaki naye chini, wakaanza na kijiji cha mfano na chai, mpaka wengine washuke. Viatu viwe vya kukamata ardhi, na koti la mvua libebwe hata Julai.