Barua kwako mdogo wangu, kuhusu kura ya shangazi

Mwangaluka, mdogo wangu.

Juzi kwenye kundi la familia uliandika kwamba shangazi na wenzake wa Igombe, kule Mwanza ziwani, wamekaririshwa, ndiyo maana wanampa kura yeyote anayepanda jukwaani na kutaja maadili. Shangazi mwenyewe ana simu ya kitochi, hayumo kwenye kundi. Basi nakujibu mimi.

Jumamosi nilimkuta mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anageuza dagaa juani. Giza limeisha, mbalamwezi imetoka, wavuvi wa dagaa, ambao huvua siku za giza, wako nchi kavu na hela mfukoni. Ndiyo wiki anayoiogopa. Bodaboda zinapanda na kushuka, na wasichana wa sekondari wanapita hapohapo wakirudi nyumbani. Mikono iko kwenye dagaa, macho yako njiani. Akaniuliza, "Huyo mdogo wako msomi, mtoto akirudi na mimba, atalala kwake au kwangu?"

Unakumbuka Juni 2017, Rais Magufuli aliposema kule mkoani Pwani kwamba mwanafunzi aliyezaa harudi shule? Shangazi alipiga makofi, nawe ukasema anawachukia watoto wa kike. Shangazi huyohuyo alimbeba mjukuu mgongoni mwaka mzima ili mama yake ajifunze cherehani! Hukuwahi kumuuliza kuhusu sheria ya 2016, ile ya miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi. Nayo aliipigia makofi. Kwake yote mawili ni uzio mmoja wa kumlinda msichana, na hajaona mwingine akimjengea.

Mimi sikubaliani naye. Uzio ule ulimfungia mtoto nje, fataki, yule mtu mzima anayewarubuni wasichana, akabaki anatembea. Zuio lilipoondolewa Novemba 2021 nilishukuru, na nikamwambia. Tulibishana hadi ugali ukapoa. Lakini nilibishana na alichosema, wewe unabishana na shangazi uliyemtunga kichwani.

Tena hauko peke yako. Huko Marekani, mwaka 2012, wanasaikolojia Graham, Nosek na Haidt walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,000. Baadhi yao waliombwa kujibu maswali ya maadili kama wanavyodhani mpinzani wao wa kisiasa angejibu. Kila upande ulitia chumvi, ila waliokosea zaidi walikuwa waliberali, wapenda mabadiliko: waliwadhania wahafidhina, wanaoshika mila, kuwa hawajali sana mtu kuumizwa wala kutendewa haki. Marekani si Igombe, lakini nilipolisoma hilo nilikuona wewe.

Mgombea wako alifika hapa wakati wa kampeni. Akaongelea uhuru, vizuri tu, ana sauti nzuri yule. Njia ya kutoka shule, ambayo ikifika saa moja jioni huoni hata mguu wako, hakuigusa. Mgombea aliyemfuata aliigusa kwa sentensi mbili, akaahidi taa, akaondoka na kura za mwalo mzima. Kama taa zimewekwa, nenda kaangalie mwenyewe.

Shangazi amekuwekea sado mbili za dagaa. Amesema usipozifuata kabla giza halijarudi, anamuuzia mteja wa Kongo.