Miaka mingine ya Desmond Doss

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimkumbuke askari ambaye kila anapotajwa husifiwa kwa siku moja tu ya Mei 1945, ilhali aliishi miaka 87, na kwa maoni yangu ni miaka hiyo mingine inayoieleza siku yenyewe.

Desmond Doss alizaliwa Februari 1919 mjini Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, akalelewa katika imani ya Waadventista Wasabato, na amri ya "Usiue" akaishika kama ilivyoandikwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuunda meli, kazi ambayo ingemwepusha na jeshi, lakini Aprili 1942 alijiunga akiwa na nia ya kutibu majeruhi bila kushika silaha. Hakupenda kuitwa mpinga vita. Alijiita mshiriki kwa dhamiri, kwa kuwa nchi yake alitaka kuitumikia kama wenzake.

Kambini walimrushia viatu alipokuwa akisali kando ya kitanda chake, na wakubwa wake wakajaribu kumwondoa jeshini kwa madai kwamba hana akili timamu. Yeye aliwauguza malengelenge ya miguu walewale waliomdhihaki, na aliyezimia kwa joto alimpa maji ya chupa yake mwenyewe. Hapo, Mhariri, hapakuwa na nishani wala mtu wa kuandika habari.

Kilichotokea katika kisiwa cha Okinawa, Japani, kwenye genge la Maeda, yaani jabali refu lililo wima, kinajulikana kwa wengi. Tarehe 5 Mei ilikuwa Jumamosi, Sabato yake, naye akapanda kwa sababu majeruhi hawangoji kesho. Kikosi kiliporudishwa nyuma kwa mashambulizi yeye alibaki juu, akawakokota majeruhi mmoja mmoja hadi ukingoni, akawafunga kwa fundo la kamba alilolijua tangu mafunzoni na kuwateremsha polepole, huku akimwomba Mungu amsaidie kumpata mmoja zaidi. Baadaye wakubwa wake walikadiria kwamba aliokoa watu 100; yeye alisema hawakuzidi 50; wakakubaliana 75. Nafurahi kwamba idadi hiyo imebeba unyenyekevu wake hadi leo.

Tarehe 21 Mei miguu yake ilichanwa na guruneti. Alijifunga vidonda mwenyewe, akangoja kwa muda wa saa 5 ndipo machela ikafika, na njiani alipomwona mwenzake aliyeumia zaidi alijiviringisha chini akawataka wambebe huyo kwanza. Akiwa anasubiri, risasi ikamvunja mkono. Akafunga kitako cha bunduki kwenye mkono huo kuwa gango, akatambaa kwenda kutafuta msaada. Alipokwisha kuondolewa vitani aligundua kwamba Biblia aliyopewa na mkewe, Dorothy, imepotea. Alituma ujumbe, na askari wa kikosi chake, miongoni mwao watu waliowahi kumcheka alipoisoma, wakarudi kuitafuta katika uwanja ule wa vita mpaka wakaipata, wakamtumia. Kila ninapoisoma habari yake husimama hapo kwanza.

Rais Truman wa Marekani alimvika Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini humo, tarehe 12 Oktoba 1945. Wasimulizi wengi huishia hapo. Lakini kifua kikuu alichokipata vitani kilimnyima pafu moja na mbavu 5, na miaka yake ya ujana ikapita katika wodi za hospitali. Mwaka 1976 akapoteza uwezo wa kusikia, akaishi katika kimya hicho miaka kama 12 hadi alipopandikizwa kifaa cha sikio. Mwaka 1991 Dorothy alifariki katika ajali ya gari, na dereva alikuwa yeye mwenyewe, akimpeleka hospitali. Imani aliyokuwa nayo kwenye genge la Maeda ndiyo aliyokuwa nayo katika msiba huo, na bila jeshi lolote la kumtazama.

Alifariki tarehe 23 Machi 2006 akazikwa katika makaburi ya taifa ya Chattanooga, Tennessee. Ombi langu, Mhariri, ni kwamba siku utakapochapisha tena habari zake, uitengee nafasi pia ile miaka ya wodini, ya ukiziwi na ya ujane, na ile Biblia iliyotafutwa matopeni.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi