Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: Anayechechemea apimwe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa daktari wa mifugo wa shambani, kwa ajili ya mnyama anayechechemea. Mara nyingi huandikwa kwamba ameumia, hupakwa dawa ya kuchua, na habari yake huishia hapo, ilhali huenda ubovu wa mfupa au kiungo ulianzia kwenye lishe, kwenye kitovu, au kwenye maambukizi yatakayomfikia hata anayemkamua.

Nilipata kuitwa kumtazama ndama wa siku 9 aliyesimama kwa miguu mitatu. Goti lake la mbele lilikuwa limevimba na lina moto, na mfugaji alikuwa akilichua tangu juzi yake, akiamini kwamba ndama alikanyagwa na mama yake. Nilipopapasa kitovu nilikikuta kinene kama kidole gumba, kikivuja usaha. Bakteria walikuwa wamepenya kwenye kitovu kibichi, wakasafiri na damu hadi kwenye viungo. Tulimtibu, lakini gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, lilikuwa limekwisha kuharibika, na ndama yule hakutembea tena. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kinga yake ni nyepesi: mahali pakavu na safi pa kuzalia, kitovu kuchovywa kwenye iodini mara tu ndama anapozaliwa, na dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ya kutosha ndani ya saa 6 za kwanza.

Lishe nayo isisahaulike. Ng'ombe anayetafuna mifupa malishoni hana tabia mbaya. Mara nyingi amepungukiwa madini ya fosforasi. Daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake wa Onderstepoort, kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Kusini, walilithibitisha hilo katika miaka ya 1920, wakaonyesha pia kwamba sumu ya mizoga anayoitafuna ndiyo inayomlegeza misuli na kumuua. Wanyama wachanga wanaokosa fosforasi au vitamini D hupata matege.

Linalonitia hofu zaidi ni ng'ombe mwenye uvimbe laini wa maji gotini. Wapo wanaoutoboa kwa kisu, wakiwa mikono mitupu. Uvimbe huo waweza kusababishwa na kulalia sakafu ngumu, lakini waweza pia kuwa dalili ya ugonjwa wa brusela, na maji yake hujaa vimelea vinavyompa binadamu homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, uelekeze kwamba taarifa ya kila mnyama anayechechemea itaje kiungo kilichoathirika, umri wake na hali ya kitovu akiwa mchanga. Kwamba ng'ombe mwenye goti lililojaa maji apimwe damu kabla mtu yeyote hajaligusa kwa kisu. Na kwamba kila afisa ugani awe na iodini mkobani na amfundishe mfugaji kuitumia kabla ya msimu wa kuzaa kuanza.

Wako mtiifu,
Daktari wa mifugo