Malalamiko: mchoro wa nyaya usio wa injini mliyoniuzia, na CDI mbili zilizoungua

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: INJINI MBADALA YA BAGI (KIGARI CHA MATAIRI MANNE), AINA YA GY6, CC 150

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuiona kutoka kwenu. Masharti ya waranti mnayajua kuliko mimi, sitayarudia. Naanza na simu ya Jumanne.

Fundi wenu aliniagiza nichukue waya mweusi wenye mstari mweupe unaoingia kwenye CDI, yaani kisanduku kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, niupeleke moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Nikamwambia huo ni waya wa kuzimia. Akajibu: “Fuata maelekezo, la sivyo waranti yako imekwisha.” Nikafuata. CDI ikafa hapo hapo. Akasema, “Basi umeiunguza mwenyewe,” akakata simu.

Hiyo ilikuwa CDI ya pili. Ya kwanza iliuawa na karatasi yenu.

Mchoro uliokuja ndani ya sanduku ni wa CDI inayotumia umeme wa betri. Injini mliyonitumia ina CDI inayotumia umeme wa AC (umeme geu) kutoka kwenye magneti, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka. Kwa macho zinafanana, soketi zinaingiliana, na ndiyo sababu anayefungasha bidhaa hii anapaswa kuwa makini mara mbili. Ile ya betri hupewa volti 12 kupitia swichi ya ufunguo, na ukikata umeme huo injini inazima. Hii ya magneti haitakiwi kuonja umeme wa betri hata kidogo. Chakula chake kinatoka kwenye koili yake maalumu ndani ya magneti, kupitia waya mweusi wenye mstari mwekundu. Waya mweusi wenye mstari mweupe una kazi moja: ukigusa erthi, cheche inakufa. Mchoro wenu unaupa waya huo volti 12 za ufunguo. Waranti yenu inataka nyaya zifungwe kwa mchoro huo na si vinginevyo, nami nikafunga hivyo. Stata ilizungusha injini vizuri, plagi haikutoa cheche hata moja.

Vipimo nilivyowatumia, na ambavyo hakuna aliyevijibu, ni hivi. Mita ikiwa kwenye volti za AC, ncha moja kwenye waya mweusi-mwekundu, nyingine kwenye wa kijani ambao ni erthi, stata ikizungusha: volti 62. Koili ya kuhisi mzunguko, waya wa buluu-mweupe kwenda erthi: omu 118. Plagi mpya, mwanya milimita 0.7. Betri volti 12.6. Magneti ni nzima, koili ya kuhisi ni nzima, kinachoshukiwa zaidi ni CDI. Kama hamwamini mita, fungueni kifuniko cha feni, mtoe feni na gurudumu la magneti, mwangalie koili zilizo nyuma yake: koili ya kulisha CDI imeviringwa utepe, zile za kuchaji betri na taa ni shaba wazi. Mtu anayeuza injini hizi anaona tofauti hiyo kwa kutupa jicho.

Nirudi kwenye simu, kwa sababu hapo ndipo mliponikosea zaidi. CDI ya pili mliituma wenyewe, na kabla ya kuifunga nilikuwa nimeshaacha mchoro wenu. Waya mweusi-mweupe niliupeleka kwenye swichi ya kuzimia, upande wa pili wa swichi kwenye bodi, mbali na betri. Cheche ilikuwepo, ya buluu, inaruka kwa nguvu. Nilichopiga simu kuuliza ni kitu kimoja: mnitumie mchoro sahihi kwa maandishi, ili waranti isivunjike. Fundi akasema hivyo nilivyofunga sivyo, nirudi kwenye mchoro, na ili tuhakikishe nigusishe ule waya kwenye chanya ya betri yeye akisikiliza. Nilimkatalia mara mbili. Nilimweleza kwamba fundi akikosa cheche kwenye mfumo huu, kitu cha kwanza ni kuuchomoa waya huo kwenye CDI. Cheche ikirudi, kosa liko kwenye swichi au waya umechunika ukagusa bodi. Hakuna hatua yoyote inayoupeleka kwenye betri. Akanikatiza: “Fuata maelekezo, la sivyo waranti yako imekwisha.” Nikagusisha. Injini iliyokuwa na cheche dakika moja kabla ikawa haina. “Basi umeiunguza mwenyewe.” Simu ikakatika, na jioni nikapata ujumbe kwamba malalamiko yangu yamefungwa kwa sababu ya “kosa la mfungaji”.

Mimi nilifunga sawa. Aliyeunguza ni aliyeagiza.

Na kabla ya yote hayo, siku sanduku lilipofika, lilikuwa na kibandiko kwamba injini imeshajazwa mafuta ya kulainisha. Kijiti cha kupimia mafuta kilitoka kikavu. Injini hii inahitaji takriban lita 0.8. Angekuwa mteja asiyejua kuchungulia, angewasha hivyo hivyo, na kamshafti iliyoko juu kwenye kichwa cha silinda ingeanza kujikwangua ndani ya muda mfupi. Kwa hilo nilinyamaza, nikanunua mafuta mwenyewe. Nilikosea kunyamaza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba CDI moja ya AC na mchoro sahihi. Nikisoma tena niliyoyaandika, hayo hayatoshi. Nataka fedha yote ya injini, gharama ya kuisafirisha kuja na kurudi, na maandishi yanayofuta neno “kosa la mfungaji” kwenye kumbukumbu zenu. Nataka pia kila aliyenunua injini hii na karatasi ile ajulishwe asiupe waya mweusi-mweupe umeme wa betri, kwa sababu wapo wanaounguza CDI sasa hivi wakidhani ni mikono yao mibovu.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, picha za mchoro, video ya vipimo na ujumbe wenu wa kufunga malalamiko vitakwenda kwenye mamlaka ya kumlinda mlaji, na nakala kwa wakili wangu. Sitapokea CDI ya tatu, na sitazungumza tena kwa simu. Jibuni kwa maandishi.

Injini nimeishusha kwenye chesisi. Mafuta nimeyatoa, kabureta nimeikausha, nyaya nimezifunga lebo moja moja, na CDI zote mbili zilizoungua ziko ndani ya sanduku pamoja na karatasi yenu. Tumeni gari lije kuvichukua vyote.

Wenu,
Mteja